Nasoma Kobe, maabara iko Kyoto: je, nipange chumba karibu na Shinkansen?

Swali la msomaji: "Shikamoo mtaalamu. Mimi ni binti wa Mbeya, nimepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili Kobe, Japani. Chuo kiko upande wa Rokko, ila maabara nitakayoitumia iko Kyoto, mara mbili kwa wiki. TAZARA nimeizoea tangu utotoni, na SGR ya Dar hadi Dodoma nimeshaipanda. Marafiki wananishauri nipange chumba jirani na stesheni ya Shinkansen, ile treni ya mwendokasi, ili niwahi, hata kodi ikiwa kubwa. Nimeangalia ramani, naona stesheni yenyewe imejibanza mlimani, mbali na katikati ya mji. Kwa nini waliiweka huko? Na je, niwasikilize?"

Marahaba mwanangu, na hongera kwa nafasi hiyo.

Nianze na jibu lenyewe: usilipe kodi ya juu kwa sababu ya Shinkansen. Tafuta chumba karibu na reli ya kawaida ya JR (Japan Railways, warithi wa shirika la reli la taifa), ile inayopita katikati ya Kobe. Treni utakayopanda kwenda Kyoto inaitwa Shinkaisoku. Haina nauli ya ziada, na ukihesabu toka mlango wa chumba chako hadi mlango wa maabara, Shinkansen itakuokolea dakika chache mno. Miaka niliyoishi Amagasaki, mji ulio kati ya Kobe na Osaka, nikisomea uhandisi wa reli, nilipita njia hiyo mara nyingi kiasi kwamba vituo vyake navitaja nikiwa nimefumba macho. Ila swali lako la stesheni kuwekwa mlimani ndilo linalofungua mengine yote, kwa hiyo tupitie huko kwanza.

Neno Shinkansen halina maana ya treni ya mwendokasi. Shin ni mpya, kansen ni njia kuu. Ni njia kuu mpya. Jina ni la reli, si la ile pua ndefu tunayoiona kwenye picha. Reli ya zamani kati ya Tokyo na Osaka ina upana wa milimita 1,067, na upana huo wewe umeshaukanyaga: ndio wa TAZARA, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Kufikia miaka ya 1950 reli ile ilikuwa imejaa pomoni, treni za mbali, za vitongoji na za mizigo zikigombea njia zilezile. Wahandisi wakaamua kutoikarabati tu, bali kujenga nyingine kabisa, yenye upana wa milimita 1,435 kama SGR yetu, isiyokatizwa na barabara hata mahali pamoja na isiyopitisha chochote ila treni zake. Ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1964, kilomita 515 kutoka Tokyo hadi Shin-Osaka, kwa mwendo wa juu wa kilomita 210 kwa saa. Siku hizi kipande hicho hukimbiwa hadi kwa kilomita 285 kwa saa, na Nozomi, ambayo ndiyo ya haraka kuliko zote, huumaliza kwa saa mbili na nusu au pungufu kidogo.

Reli ya namna hiyo haitaki kona kali. Treni ikikimbia zaidi ya kilomita 200 kwa saa, kila pinda la reli lazima liwe pana mno, na pinda pana halipenyi katikati ya maghorofa bila kubomoa nusu ya mji. Stesheni kuu ya Osaka iko mtaa wa Umeda, kusini mwa mto Yodo. Kuileta njia mpya hapo kungemaanisha kuuvuka mto kuingia, kisha kuuvuka tena kutoka kuelekea magharibi. Wakaiacha ng'ambo ya mto, kilomita 3.8 kutoka stesheni ya Osaka, wakaiita Shin-Osaka, Osaka mpya. Reli ya chini ya ardhi ya Midosuji ikarefushwa hadi hapo siku chache kabla ya ufunguzi.

Kobe mambo yalikuwa magumu zaidi. Mji umebanwa kati ya milima ya Rokko na bahari, na mahali pengine ukanda wa tambarare una kilomita mbili au tatu tu za upana. Njia mpya iliporefushwa kwenda Okayama mwaka 1972, haikuwa na pa kupita ila tumboni mwa mlima, ndani ya handaki la zaidi ya kilomita 16. Shin-Kobe ni pale treni inapotoka kwenye handaki moja na kuvuta pumzi kabla ya kuingia jingine. Ukisimama jukwaani unaona midomo ya mahandaki upande huu na upande huu, na nyuma ya stesheni, mwendo mfupi kwa miguu, kuna maporomoko ya maji ya Nunobiki. Ramani yako haijakudanganya.

Sasa tupige hesabu yako. Katikati ya Kobe ni Sannomiya. (Usichanganye na stesheni inayoitwa Kobe, ambayo iko mbele kidogo upande wa magharibi, wageni wengi hushuka huko wakidhani wamefika mjini.) Kutoka Sannomiya, Shinkaisoku inafika Kyoto kwa dakika 52 hivi, kwa nauli ya kama yeni 1,100. Kutoka Shin-Kobe, Shinkansen inafika kwa dakika 30 hivi, kwa karibu yeni 2,900. Kwenye karatasi umeokoa dakika ishirini na kitu. Lakini kutoka Sannomiya unapanda treni ya chini ya ardhi kituo kimoja, unapanda ngazi moja baada ya nyingine hadi usawa wa mlima, unapita mageti mawili, unasubiri treni yako. Dakika kumi na tano zimekwisha kabla hujakaa. Kwa safari nne kwa wiki, kwenda na kurudi mara mbili, tofauti ya nauli ni kama yeni 7,200. Kwa mwezi unakaribia yeni 30,000. Kwa mwanafunzi hicho ni chakula.

Utauliza: inakuwaje treni ya reli ya zamani, yenye upana wa TAZARA, ikaribiane na Shinkansen kiasi hicho? Shinkaisoku hukimbia hadi kilomita 130 kwa saa. SGR uliyopanda ina mwendo wa juu kuliko huo. Siri haiko kwenye injini, iko kwenye idadi ya njia na kwenye ratiba.

Kutoka Kusatsu, mashariki ya Kyoto, hadi Nishi-Akashi, magharibi ya Kobe, reli ya JR ina njia nne sambamba kwa takriban kilomita 120. Mbili za kwenda, mbili za kurudi. Treni inayosimama kila kituo hutumia njia zake, na ya haraka hupita pembeni bila kuisubiri. Kati ya Sannomiya na Kyoto, Shinkaisoku husimama vituo vitano tu: Ashiya, Amagasaki, Osaka, Shin-Osaka na Takatsuki. Huduma hii ilianza mwaka 1970, chini ya shirika la reli la taifa la wakati ule, na mchana huja kila dakika 15. Hilo la dakika 15 naliona kubwa kuliko kilomita 130. Treni ikija kila robo saa huhitaji kuipangia siku. Unatoka tu nyumbani.

Nenda siku moja usimame Ashiya uone kazi inavyofanyika. Treni ya kila kituo inaingia upande mmoja wa jukwaa, inafungua milango, inatulia. Hakuna anayekimbia. Baada ya muda mfupi Shinkaisoku inaingia upande wa pili wa jukwaa lilelile. Watu wa treni ndogo wanatembea hatua sita saba wanaingia kwenye kubwa. Wa treni kubwa wanaokwenda vituo vidogo wanafanya kinyume. Bibi mmoja na kikapu chake hana haja ya ngazi wala lifti. Kubwa inaondoka, kisha ndogo inafuata. Nimewahi kukaa pale saa nzima na daftari nikiandika sekunde, na hadi leo nikipanga ratiba yoyote, jukwaa lile huwa kichwani mwangu. Ukiingia kwenye Shinkaisoku tafuta behewa la mbele kabisa, usimame nyuma ya kioo cha dereva. Utamwona akinyoosha kidole chenye glavu nyeupe kwenye kila taa ya ishara na kuitaja kwa sauti, hata akiwa peke yake. Mkono na mdomo vikishirikiana, jicho halisahau.

Sababu nyingine ya ubora huu ni ushindani, na hapa Kansai, eneo hili la Osaka, Kobe na Kyoto, inajitofautisha hata na Tokyo. Kati ya Osaka na Kobe, katika ukanda ule mwembamba niliokutajia, kuna reli tatu zinazokwenda sambamba: Hankyu upande wa mlimani, JR katikati, Hanshin upande wa bahari. Ya serikali ilitangulia, mwaka 1874. Hanshin ikaja 1905, ya umeme na yenye vituo vingi, ikachukua abiria wengi wa njiani. Hankyu ikafungua njia yake ya Kobe mwaka 1920, ikajisifu kwa mwendo. Kwenda Kyoto nako Hankyu ipo, na Keihan pia, iliyoanza 1910 ng'ambo ya pili ya mto Yodo.

Mtu wa kumjua hapa ni Kobayashi Ichizo, mwasisi wa Hankyu. Reli yake ya kwanza, ya mwaka 1910, ilielekea mashambani ambako abiria walikuwa wa kuhesabu. Badala ya kungoja watu, akanunua ardhi kando ya reli, akajenga nyumba, akaziuza kwa malipo ya awamu kwa wafanyakazi wa Osaka. Mwisho wa reli, Takarazuka, akaweka burudani: kundi la maigizo la wasichana peke yao, lililoanza maonyesho mwaka 1914 na bado lipo. Mwanzo wa reli, Umeda, akafungua duka kubwa mwaka 1929. Asubuhi watu wanakwenda kazini, mchana wake zao wanakuja dukani, Jumapili familia nzima inakwenda Takarazuka. Treni haiendi tupu upande wowote. Makampuni ya reli ya Japani yameishi kwa akili hiyo hadi leo: nauli peke yake hailishi reli, ardhi inayoizunguka ndiyo inayosaidia. Nikisikia watu wakijadili reli zetu kwa kuhesabu tiketi peke yake, huwa natamani wangeiona Umeda. Kila baada ya dakika kumi mchana, treni tatu za rangi ya damu ya mzee, moja ya Kobe, moja ya Takarazuka, moja ya Kyoto, huondoka kwa wakati mmoja na kwenda bega kwa bega kuvuka mto hadi Juso. Kafanye safari moja kwa ajili ya kuliona hilo tu.

Wingi wa reli si anasa pia. Tarehe 17 Januari 1995, saa 11 na dakika 46 alfajiri, tetemeko liliipiga Kobe. Madaraja ya Shinkansen yalianguka mahali kadhaa. Bahati treni za siku hiyo zilikuwa hazijaanza, kwa kuwa Shinkansen haitembei usiku, kabla ya saa 12 asubuhi. JR ilirudi kamili tarehe 1 Aprili, Shinkansen tarehe 8 Aprili, Hankyu na Hanshin mwezi Juni. Katika miezi ile, kila kipande kilichofunguka, cha kampuni yoyote, kiliubeba mji hadi vingine vikapona.

Lakini sitakuwa mkweli nikikusifia ushindani bila kukuonyesha gharama yake. Tarehe 25 Aprili 2005, treni ya JR West, kampuni ya JR ya upande wa magharibi, ilikuwa inatoka upande wa Takarazuka, ambako inashindana na Hankyu. Ilikuwa imepitiliza jukwaa stesheni ya Itami, ikalazimika kurudi nyuma, ikachelewa kwa kama dakika moja na nusu. Karibu na Amagasaki kuna kona yenye nusu kipenyo cha mita 304, ambayo mwendo wa juu ulioruhusiwa ulikuwa kilomita 70 kwa saa. Iliingia kwa kilomita 116 hivi. Ikaacha reli, ikagonga jengo la makazi. Walikufa watu 107, dereva akiwemo, kijana wa miaka 23. Zaidi ya 500 walijeruhiwa. Uchunguzi ulikuta kwamba ratiba haikuwa na nafasi ya kupumua, kwamba dereva aliyechelewa aliogopa "mafunzo" ambayo kwa kweli yalikuwa adhabu ya kudhalilishwa, na kwamba kwenye kona ile mtambo mpya wa kusimamisha treni yenyewe ulikuwa bado haujafungwa. Baada ya hapo ratiba zililegezwa, Shinkaisoku ikiwemo, na mitambo ikafungwa.

Mahali pale pamekuwa kumbukumbu. Nilipokwenda nilisimama muda mrefu bila la kusema. Nafundisha vijana wa reli sasa, na somo la kwanza kabisa ninalowapa ni hilo la Amagasaki, kabla ya injini na kabla ya ishara: dakika moja na nusu, watu 107. Ukiwa Japani utasikia sifa nyingi za treni zisizochelewa. Siku treni yako ikichelewa dakika tano, ukasikia mtangazaji akiomba radhi, nawe mwambie moyoni, usijali kaka, nifikishe salama.

Tugeukie chumba. Kama chuo kiko upande wa Rokko, tafuta karibu na stesheni ya JR ya Rokkomichi. Shinkaisoku haisimami hapo, lakini usirudi Sannomiya kuifuata. Panda treni ya kawaida kuelekea mashariki hadi Ashiya, vuka jukwaa kama nilivyokueleza, umeshaingia kwenye treni ya Kyoto. Ukikosa chumba Rokkomichi, jaribu Sumiyoshi. Ukipata cha bei nzuri karibu na Hankyu Rokko, kichukue pia. Siku za Kyoto utateremka kidogo hadi JR.

Kuna mtego mmoja wa maneno. Neno tokkyu lina maana mbili kulingana na reli. Kwenye Hankyu na Hanshin, tokkyu ni treni ya haraka ambayo hulipii zaidi ya nauli ya kawaida. Kwenye JR, tokkyu inadai tiketi ya pili juu ya nauli, na ukiingia bila hiyo, kondakta atakutoza humohumo. Kati ya Kobe na Kyoto, angalia maandishi ya Shinkaisoku ya rangi ya buluu kwenye ubao; hiyo ni ya nauli tu, isipokuwa viti vichache vinavyoitwa A-Seat katika baadhi ya treni. Nunua kadi ya ICOCA siku ya kwanza. Kwa lahaja ya Kansai jina linasikika kama "twende?", na kadi hiyohiyo inafungua mageti ya JR, Hankyu, Hanshin na treni za chini ya ardhi. Tiketi ya mwezi ya kwenda Kyoto usinunue. Kwa siku mbili kwa wiki haikulipi.

Shinkansen nayo ina siku zake. Ukienda Tokyo, Hiroshima au Hakata, kapande Shin-Kobe bila kusita, hakuna reli ya kawaida itakayoikaribia. Kwa safari za JR zinazozidi kilomita 100, omba chuoni karatasi ya gakuwari, itakupunguzia asilimia 20 ya nauli, ingawa si ile ada ya mwendokasi. Sanduku ambalo urefu, upana na kimo vikijumlishwa vinazidi sentimita 160 linahitaji kiti kilichowekewa nafasi yake mapema.

Na siku utakayotua uwanja wa Kansai na masanduku yako mawili, mimi mtu wa reli nakwambia panda basi la moja kwa moja hadi Sannomiya. Ni kama saa moja na dakika kidogo, na utalala usingizi wako.

Safari yako ya kwanza ya maabara, kaa kulia. Baada ya Takatsuki bonde linabana. Mlima wa Tennozan unasogea kushoto, mto unasogea kulia, na reli zote zinalazimika kupita kwenye koo hilo moja pamoja na barabara. Utaona njia ya Hankyu na ya Shinkansen zimeinuliwa juu ya nguzo, zimeandamana. Ardhi ya pale ni laini, na walipokuwa wakijenga Shinkansen ilibidi Hankyu nayo iinuliwe. Wakati nguzo zake zikijengwa, kwa miezi kadhaa ya mwaka 1963 treni za Hankyu zilipitishwa juu ya reli mpya ya Shinkansen, kwa kuwa upana ni uleule wa milimita 1,435. Abiria wa kwanza kabisa kusafiri juu ya reli ile walikuwa watu wa kawaida wa Kyoto na Osaka wakienda kazini, ndani ya treni yao ya kila siku.